Programu inasema "umeunganishwa", kumbe hakuna mtandao: nianze upya kwa lugha nyingine?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimetengeneza programu huria ya kusimamia miunganisho ya mtandao kwenye kompyuta ya mezani inayotumia Linux. Nimeiandika kwa Python: inaita wpa_supplicant (programu inayounganisha kompyuta na Wi-Fi) na programu ya DHCP (utaratibu wa kuipa kompyuta anwani ya mtandao) kwa amri za kawaida, inasoma majibu yake, kisha inaonyesha hali kwenye kidirisha. Kwangu inafanya kazi vizuri, lakini tangu niitoe hadharani napokea malalamiko ya aina tatu. Kompyuta ikilala na kuamka, kidirisha kinasema "umeunganishwa" wakati hakuna kinachofunguka. Mtu akichomeka kebo huku Wi-Fi ikiwa hewani, intaneti inakatika, na akiichomoa hairudi. Halafu yupo mtumiaji mmoja ambaye programu inajifunga kila akitafuta mitandao iliyo karibu. Kidirisha chenyewe watu wanakipenda. Je, niandike upya kwa C au Rust, au niachane nayo nikachangie NetworkManager, programu inayofanya kazi hii hii kwenye mifumo mingi ya Linux?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Hongera kwanza kwa kuitoa kazi yako hadharani, maana bila watumiaji hao usingejua hata moja kati ya haya matatu.

Tuanze na lugha, kwa sababu ndiyo inayokuumiza kichwa na ndiyo isiyo na kosa. Programu yako inakumbuka ilichofanya, na inaamini kwamba dunia imebaki hivyo hivyo. Uliita amri, amri ikajibu kwamba imefaulu, ukaandika "umeunganishwa" kwenye kigezo chako, basi. Ila muunganisho si mali ya programu yako. Ni mali ya kerneli, kiini cha mfumo wa Linux. Kebo inachomolewa, ruta inazimwa, mtu mwingine mwenye ruhusa anabadilisha anwani kwenye terminali, kadi ya USB inang'olewa, na hakuna hata mmoja kati yao anayekuomba kibali. Ukihamisha wazo hilo kwenda Rust, kasoro itahama nalo.

Unahitaji madaftari mawili yasiyochanganywa. La kwanza ni la nia: mtumiaji anataka nini, mtandao upi, nenosiri gani, anwani ya kudumu au ya DHCP. La pili ni la hali: kerneli inasema nini sasa hivi. Kazi ya msimamizi wa mtandao ni kulinganisha madaftari hayo kila kitu kinapobadilika, na kuchukua hatua moja inayopunguza tofauti. Wewe una daftari moja, ndani yake nia na hali zimelala pamoja.

Daftari la hali hulijazi kwa kusoma majibu ya amri. Fungua terminali, andika `ip monitor`, kisha chomoa kebo na uirudishe. Hiyo mistari unayoiona ikipita ni kerneli inazungumza kupitia netlink, njia yake ya kupeana taarifa na programu, na programu yako inapaswa kuisikiliza moja kwa moja: RTM_NEWLINK kiolesura (kadi ya mtandao kama kerneli inavyoiona) kinapobadilika, RTM_NEWADDR anwani inapoongezwa, RTM_NEWROUTE njia inapoingia. Kwa upande wa Wi-Fi kuna nl80211, lugha ya kerneli ya mambo ya Wi-Fi, nayo inapita humo humo kwenye netlink. Python ina maktaba ya pyroute2 inayokupa haya yote, kwa hiyo hakuna haja ya C.

Hapa pana mitego mitatu, na nitakaa nayo kidogo kwa sababu maandishi mengi huipita.

Mtego wa kwanza ni mpangilio. Jiandikishe kusikiliza matukio kwanza, kisha ndipo uombe orodha kamili ya hali ilivyo. Ukifanya kinyume, linalotokea katikati ya hatua hizo mbili linakupita, na hutalijua kamwe. Mtego wa pili ni kwamba soketi ya netlink, yaani mlango unaopokelea jumbe hizo, inaweza kufurika. Kerneli haitakusubiri: inaziacha jumbe, halafu usomapo unapata kosa liitwalo ENOBUFS. Wengi wanaliandika kwenye kumbukumbu na kuendelea. Usifanye hivyo. ENOBUFS maana yake daftari lako la hali haliaminiki tena, kwa hiyo lifute na uombe orodha yote upya. Nilishawahi kupoteza wiki nzima nikifukuza hitilafu iliyojitokeza kwenye mashine zenye violesura vingi tu, na mwishowe ilikuwa mstari mmoja wa msimbo uliolimeza kosa hilo kimya kimya. Mtego wa tatu: usikitambue kiolesura kwa jina lake. Majina hubadilika, udev, sehemu ya Linux inayosimamia vifaa, inaweza kuikuta kadi ikiitwa eth0 na kuigeuza enp3s0 sekunde chache baada ya kuwaka. Tumia namba ya faharasa ambayo kerneli imekipa kiolesura hicho, na jina libaki la kumwonyesha mtumiaji.

Sasa suala la kulala na kuamka. Nakisia una kipima muda kinachohesabu ukodishaji wa anwani, na kwamba umetumia `time.monotonic()`. Kwenye Linux saa hiyo husimama kompyuta inapolala. Chukua anwani iliyokodishwa kwa saa 1. Kwa utaratibu wa DHCP ulioandikwa katika waraka wa viwango RFC 2131, mteja huomba kuongezewa muda nusu ya kipindi ikifika, yaani dakika 30, na akikosa jibu huomba seva yoyote ifikapo asilimia 87.5, yaani dakika 52 na nusu. Mtumiaji wako akifunga kompyuta dakika ya 10 na kuifungua baada ya saa 8, saa yako inasema ni dakika ya 10 bado. Anwani ilishakwisha, pengine ameshapewa mwingine, na programu yako imetulia. Saa unayoihitaji ni CLOCK_BOOTTIME, ambayo inahesabu pia muda wa usingizi. Python inaifikia kwa `time.clock_gettime` tangu toleo la 3.7.

Hilo ni nusu ya tiba. Nusu ya pili ni kujua kwamba kompyuta imelala. Logind, huduma ya Linux inayosimamia vikao vya watumiaji na usingizi wa kompyuta, hutuma ishara ya PrepareForSleep kwenye D-Bus, njia ambayo programu huzungumzia zenyewe kwa zenyewe, ikiwa na thamani ya kweli kabla ya kulala na ya uongo baada ya kuamka. Ukiiomba logind kizuizi cha kuchelewesha usingizi, unapewa muda mfupi, kwa kawaida sekunde 5, wa kufunga mambo yako. Kompyuta ikiamka, chukulia kwamba hujui lolote: omba orodha yote ya netlink upya, angalia kama Wi-Fi bado imeshika mtandao ule ule, kisha mwambie mteja wa DHCP athibitishe anwani yake. Uthibitisho huo ni wa haraka kuliko kuanza mwanzo, kwa sababu mteja huruka hatua ya kutafuta seva na kuomba moja kwa moja anwani aliyokuwa nayo. Kama mtumiaji amehamia mtandao mwingine, seva ya huko itakataa kwa DHCPNAK, na hapo ndipo unaanza mwanzo. Wakati wote huo kidirisha kionyeshe "inakagua". Neno hilo ni la kweli, na mtumiaji atalivumilia.

Kebo na Wi-Fi kwa pamoja ni hadithi nyingine. Kila muunganisho unaleta njia kuu ya kutokea, na zote mbili zinadai kwamba intaneti ipo kwao. Kerneli huchagua yenye metriki (namba ya kipaumbele) ndogo. Wewe huweki metriki yoyote, kwa hiyo ya pili ama inakataliwa kwa kuwa ipo nyingine inayofanana nayo, ama inafuta ya kwanza, kutegemea amri uliyotumia. NetworkManager huipa kebo 100 na Wi-Fi 600. Fuata namba hizo hizo, maana watu wameshazizoea wakisoma matokeo ya `ip route`. Njia zote mbili zikae. Kebo ikichomolewa, ondoa ya kwake, na ya Wi-Fi ipo tayari inasubiri.

Lakini ukirekebisha njia tu, watumiaji wako watarudi kesho na malalamiko yale yale, kwa sababu ya DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani. Mteja wa DHCP wa kebo ameandika juu ya faili la seva za DNS, /etc/resolv.conf, lililoandikwa na yule wa Wi-Fi. Kebo ikitoka, seva za DNS za kebo zinabaki kwenye faili, na hazifikiki tena. Mtumiaji anaona "intaneti imekatika" ingawa pakiti zinapita vizuri. Dawa ni kuacha kabisa mtindo wa kuongeza na kupunguza. Kila hali inapobadilika, kokotoa orodha nzima ya DNS upya kutoka kwenye miunganisho yote iliyo hai, yenye metriki ndogo ikitangulia, kisha iandike yote kwa mara moja. Kumbuka kwamba glibc, maktaba ya msingi ya programu za Linux, husoma seva 3 tu kutoka kwenye faili hilo, hivyo mpangilio una maana kubwa. Na kabla hujaligusa, angalia kama ni kiungo kinachoelekea kwa systemd-resolved, huduma ya Linux inayojibu maswali ya DNS. Kama ndivyo, usiandike chochote. Mkabidhi systemd-resolved seva za kila kiolesura kupitia D-Bus, naye atajua maswali ya VPN yaende wapi na mengine yaende wapi.

Huyo mtumiaji ambaye programu hujifunga kila akitafuta mitandao, ningeweka dau kwamba jirani yake ana ruta yenye jina la ajabu. SSID, yaani jina la mtandao wa Wi-Fi, si maandishi. Ni mfuatano wa baiti 0 hadi 32, na hakuna anayelazimishwa zifuate UTF-8, mfumo wa kawaida wa kuandika herufi kwa baiti. Msimbo wako unajaribu kuzigeuza kuwa maandishi, unashindwa, unaanguka. Zihifadhi kama baiti tangu zinapoingia hadi zinapotoka. Ziwe maandishi mahali pamoja tu, pale zinapoonyeshwa, na zile zisizo halali zionyeshwe kwa namba zake. Kama kidirisha chako ni cha GTK (maktaba ya kutengenezea vidirisha) na unatumia maandishi yenye mitindo, zigeuze pia alama kama `<` na `&`, la sivyo jina la mtandao litasomwa kama sehemu ya mtindo wako. Hili halijawapata wachanga peke yao: mwaka 2021 iligundulika kwamba mtandao wenye jina lililojaa alama za asilimia uliweza kuzima Wi-Fi ya iPhone, kwa sababu mahali fulani jina hilo lilichukuliwa kama maelekezo ya kupanga maandishi.

Na hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa kuwa umesema unaita programu nyingine kwa amri. Kila kinachotoka hewani ni cha mgeni usiyemjua: jina la mtandao, jina la kikoa linaloletwa na DHCP, yote. Mwaka 2018 hitilafu iliyopewa namba CVE-2018-1111 ilipatikana katika hati ya DHCP iliyoambatana na NetworkManager kwenye Red Hat Enterprise Linux na Fedora. Jibu la DHCP lililotungwa kwa hila liliweza kuendesha amri yoyote kwa mamlaka ya root, mtumiaji mwenye uwezo wote. Kosa lilikuwa dogo sana kwa macho, maandishi ya mgeni kupitishwa kwenye sheli (kiendesha amri) bila kulindwa vya kutosha. Ukikuta `shell=True` popote kwenye msimbo wako, iondoe leo, kabla ya hayo mengine yote.

Pia igawe programu yako sehemu mbili. Kidirisha kiendeshwe kwa jina la mtumiaji wa kawaida, bila mamlaka yoyote. Chini yake iwepo huduma inayoendelea wakati wote, yenye ruhusa za mtandao pekee, CAP_NET_ADMIN na CAP_NET_RAW, badala ya root kamili ikiwezekana, na mawasiliano kati yao yapite D-Bus. Nani anaruhusiwa kubadilisha nini, muachie polkit, huduma ya Linux ya kutoa ruhusa, aamue. Manenosiri yakae kwenye faili la ruhusa 0600 (mwenyewe pekee anasoma na kuandika), au kwenye hifadhi ya siri ya kikao cha mtumiaji, na yasionekane kamwe miongoni mwa sifa ambazo programu yoyote inaweza kuzisoma. Yaombwe kwa wito wake wa pekee wenye ukaguzi wake. NetworkManager ilipitia safari hiyo. Ilipoanzishwa Red Hat mwaka 2004 lengo lilikuwa kompyuta ya mtumiaji mmoja, na kwa miaka mingi mipangilio ya mtumiaji iliishi ndani ya kikao chake. Toleo la 0.9 la mwaka 2011 ndilo lililokusanya mipangilio yote upande wa huduma, na kikao kikabaki na kazi ya kutoa siri zinapohitajika. Wewe unaweza kuanzia pale walipofika.

Ndani ya huduma, kila kiolesura kiwe na mashine ya hali iliyo wazi, yaani orodha ya hatua na jinsi ya kuhama kati yake. Tazama namba za hali za vifaa katika NetworkManager: 30 ni kutounganishwa, 40 maandalizi, 50 usanidi, 60 kuhitaji uthibitisho, 70 kupata anwani, 80 kuikagua, 100 kukamilika, 120 kushindwa. Zinaruka kwa makumi, na hilo linaacha nafasi ya hatua mpya katikati. Jambo ambalo wengi husahau ni kughairi. Mtumiaji anabonyeza mtandao wa kwanza, anabadili mawazo, anabonyeza wa pili, na jibu la DHCP la wa kwanza linafika baadaye. Ukilipokea, umempa anwani ya mtandao ambao hayumo. Kila jaribio la kuunganisha lipewe namba yake, na jibu lolote lenye namba ya zamani litupwe bila kusomwa.

Kuhusu neno "umeunganishwa" lenyewe: kupata anwani hakumaanishi intaneti ipo. Huenda kuna ukurasa wa kuingia unaosubiri. Utaratibu wa kawaida ni kuomba anwani fulani ya wavuti isiyobadilika na kulinganisha jibu na lile linalotarajiwa, kwa HTTP ya kawaida, kwa sababu lango la namna hiyo haliwezi kugeuza HTTPS bila kivinjari kulalamika. Siku hizi seva ya DHCP inaweza pia kutangaza anwani ya kuulizia ukurasa huo kwa chaguo namba 114, kama RFC 8910 ya mwaka 2020 inavyoeleza. Mpe mtumiaji uwezo wa kuzima ukaguzi huu, na umwambie ni seva ipi inayoulizwa, maana kila swali linaiambia seva hiyo kwamba kompyuta yake imewaka.

Kuandika mwenyewe upeanaji wa funguo za WPA (ulinzi wa Wi-Fi), hapana. wpa_supplicant, ambayo ni kazi ya Jouni Malinen, na iwd iliyoanzishwa Intel na kufikia toleo la 1.0 mwaka 2019, zote zinaongea D-Bus. Chagua moja, sikiliza ishara zake, na uache kusoma maandishi yanayotoka kwenye amri. Hayo yameandikwa kwa ajili ya macho ya watu na yanaweza kubadilika toleo lolote.

Basi uendelee na yako au uende NetworkManager? Kwa maoni yangu, fanya yote mawili, kwa mpangilio huu. Kidirisha ndicho watu wanachokipenda, kwa hiyo ukishakitenganisha na huduma, kifanye kwanza kiongee na NetworkManager, ambayo mashine nyingi za watumiaji wako tayari zinayo. Watapata kitu kinachofanya kazi mapema, nawe utajifunza kwa kuona jinsi huduma iliyokomaa inavyojibu. Huduma yako iendelee pembeni kama jaribio, kwa Python hiyo hiyo, mpaka ifikie kiwango cha kuchukua nafasi. Kinachoua miradi kama hii ni kukosa mikono. Wicd, programu ya kusimamia mtandao kama yako, ilipendwa sana na iliandikwa kwa Python 2. Usaidizi wa Python 2 ulipokoma tarehe 1 Januari 2020 haikuwa imehamishwa kwa wakati, na Debian 11 ya mwaka 2021 ikatoka bila Wicd. Na hakikisha huduma yako inakataa kuanza ikikuta NetworkManager inashikilia kadi ile ile. Wasimamizi wawili juu ya kadi moja huzaa hitilafu ambazo huwezi kuzielewa kwa kusoma msimbo wa mmoja wao.

Majaribio hayahitaji uzungukwe na ruta. Moduli ya kerneli iitwayo mac80211_hwsim hutengeneza redio za Wi-Fi za kuigiza; iwashe na `radios=3`, endesha hostapd (programu inayoigeuza redio kuwa kama ruta) kwenye moja, na nyingine uihamishie kwenye nafasi tofauti ya majina ya mtandao (network namespace, mtandao uliotengwa ndani ya kompyuta hiyo hiyo) pamoja na huduma yako. Kwa kebo tumia jozi ya veth, kadi mbili za kuigiza zilizounganishwa: ukizima upande mmoja, upande wa pili unaona kebo imechomolewa. Anwani zitoke kwa dnsmasq, seva ndogo ya DHCP, ambayo muda mfupi kabisa wa kukodisha inaoukubali ni dakika 2, hivyo unaweza kuona ombi la kuongezewa muda baada ya dakika 1 bila kungoja nusu saa. Mtandao wa kwanza kuutengeneza uwe wenye SSID ya baiti 32 zisizo UTF-8. Wa pili uwe na seva ya DHCP isiyojibu kabisa.

Na hao waliokuandikia malalamiko, waombe wakutumie matokeo ya `ip monitor` yaliyochukuliwa wakati tatizo linatokea, badala ya picha ya kidirisha. Kabla hujawaomba, ongeza kwenye programu yako kitufe cha kuandaa taarifa hiyo kinachofuta manenosiri na kuficha anwani za MAC (namba za utambulisho za kadi za mtandao) na za ruta zilizo jirani, kwa kuwa anwani za ruta zikikusanywa zinatosha kuonyesha mtu anakoishi.